Miguu na Mikono ya Jeshi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeelemewa na 1 Wakorintho 12:21: "Na jicho haliwezi kuuambia mkono, Sina haja na wewe." Anayetaka kuliona neno hili kwa macho ashuke Posta Mpya, Dar es Salaam, atembee hadi Sanamu ya Askari pale Samora. Aende Jumamosi alfajiri, maana sanamu iko katikati ya mzunguko na siku za kazi kuvuka ni taabu.

Wengi humpiga picha askari wa shaba aliyeelekeza singe bandarini, wakaondoka. Ilizinduliwa 1927, mahali iliposimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, mpaka Waingereza walipoutwaa mji 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini usiondoke bado. Shusha macho, zunguka msingi wake. Ubavuni kuna picha ya shaba ya wapagazi na mizigo yao, na maandishi yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Ukienda na watoto wa Shule ya Jumapili, waanzie hapo.

Miguu kweli, maana mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu, na reli haikufika kila mahali. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi. Jeshi lilipozidi kwenda mbali, sehemu kubwa ya chakula ililiwa njiani na wabebaji wenyewe, basi wakasombwa wapagazi wengine wa kuwalisha wapagazi. Waliokufa kwa risasi ni wachache kuliko waliokufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Watu waliozoea wali au ndizi walipewa unga wa mahindi, ukasongwa harakaharaka bila kuiva, matumbo yakaharibika. Upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 40,000, na wengi hawana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo na kuomba radhi.

Sasa tusiishie kuwalaumu wakoloni. Kwenye harambee zetu mgeni rasmi anatajwa na vyeo vyake vyote, wakati akina mama walioinjika sufuria tangu saa tisa usiku wanaitwa "kamati ya chakula", basi. Kijana anayebeba spika na viti vya plastiki hatumjui jina la baba yake. Mlinzi akiugua, tunatafuta mlinzi mwingine. Wapendwa, hiyo ni dhambi, na tuitubu. Paulo anasema viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge zaidi ndivyo vyahitajika. Hakusema vivumiliwe.

Viongozi wa jumuiya, andikeni majina kamili ya kila anayefagia, anayepika na anayelinda. Katibu ayasome kwenye matangazo ya Jumapili, kabla ya wageni hawajatambulishwa. Aliye mgonjwa kati yao atembelewe wiki hii hii, na mchungaji mwenyewe awepo.