Udongo ni wa bure, mikono si ya bure

Leo hatukanyagi udongo. Mvua imeshika tangu alfajiri, kuta zimefunikwa turubai, na mama mwenye nyumba ametangaza mapumziko ambayo hayakuwa kwenye ratiba. Watoto wamefurahi kutushinda sote. Mimi nimepata nafasi ya kuandika kuhusu swali ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu nifike hapa: nyumba hii inajengwa kwa gharama ya nani?

Niko kwa familia ya kijijini inayojijengea nyumba ya udongo, mawe na mabua. Wao wananipa chakula na mahali pa kulala, mimi nawapa nguvu zangu. Utaratibu huu una umri wake. Mwaka 1971 nchini Uingereza, Sue Coppard, aliyekuwa katibu muhtasi London, aliwapeleka watu wachache wa mjini kufanya kazi ya mwisho wa wiki kwenye shamba la kilimo hai huko Sussex. Hapo ndipo ulipozaliwa WWOOF, mtandao wa watu wanaojitolea kwenye mashamba ya kilimo hai kwa kubadilishana na chakula na malazi, na baadaye ikafuata mingine inayowapeleka watu si mashambani tu bali hata kwenye ujenzi kama huu. Mazoea ni saa 4 hadi 6 za kazi kwa siku, na siku za kupumzika ndani ya wiki. (Ukivuka mpaka kwenda kujitolea, uliza habari za viza mapema. Nchi nyingi huhesabu kazi ya kubadilishana na malazi kuwa ni kazi kama kazi nyingine, na ofisa wa uhamiaji hatasikiliza hadithi yako ya kupenda mazingira.)

Niseme kwanza kuhusu udongo wenyewe, maana ndio uliotuleta.

Kabla ya kuchimba, tunaupima kwa chupa. Unatia udongo hadi nusu, unajaza maji, unaweka chumvi kidogo, unatikisa kwa nguvu, kisha unaiacha chupa itulie. Mchanga unazama karibu papo hapo. Chembe laini kidogo zinafuata baada ya muda, na udongo wa mfinyanzi unabaki ukielea, pengine hadi kesho yake, ndipo nao unatua juu. Matabaka hayo matatu yanakueleza karibu kila kitu. Mfinyanzi ndio unaoshika, lakini ndio pia unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ukizidi, ukuta unapasuka. Ukipungua, ukuta unamomonyoka. Sehemu kubwa ya mchanganyiko wa kuta zetu ni mchanga. Mfinyanzi unahitajika kiasi tu, kama sehemu moja kwa nne au chini ya hapo. Mabua yanafunga vyote pamoja na kuuzuia ufa usitembee.

Kisha tunakanyaga. Udongo unamwagwa juu ya turubai, unaloweshwa, na watu wanaingia peku. Turubai linakunjwa kutoka upande mmoja ili tope lijigeuze, linakanyagwa tena, linageuzwa tena, mabua yanaongezwa kidogo kidogo hadi donge likivutwa lisikatike kirahisi. Madonge yanapandishwa ukutani moja juu ya jingine, bila tofali wala fremu, na kuunganishwa kwa vidole na kijiti ili lile jipya lishikane na la chini yake. Huwezi kupandisha ukuta mzima kwa siku moja. Ukizidisha kimo kabla ya chini kukaza, ukuta unatoa tumbo na itabidi ukatwe. Kwa hiyo unajenga mkanda, unasubiri, unachonga pembeni kwa panga, unajenga mkanda mwingine.

Wajenzi wa Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, ambako nyumba za namna hii zimesimama kwa karne nyingi, husema ukuta wa udongo unataka buti nzuri na kofia nzuri. Yaani msingi wa mawe unaoinua udongo juu ya maji yanayorukaruka chini, na paa lenye upenu mpana. Babu wa nyumba hii hajawahi kufika Devon lakini ana msimamo huohuo. Vijana walipotaka kupunguza upenu ili nyumba ionekane ya kisasa, alikataa kabisa. "Mnataka kuivua kofia mvua ikinyesha?" Hoja ikaisha hapo.

Wapenzi wa nyumba hizi wana tabia ya kuzisifia kupita kiasi, na mimi sitaki kuwa mmoja wao. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole na kulitoa polepole, kwa hiyo mchana mkali hauingii ndani kwa haraka. Lakini si kizuizi kizuri cha baridi ya muda mrefu. Hapo marobota ya mabua yanaushinda mbali. Tena udongo usioimarishwa ni dhaifu kwenye tetemeko. Mji wa Bam nchini Iran, wenye ngome maarufu ya udongo, uliporomoka Desemba 2003 na maelfu ya watu wakafa. Anayejenga penye matetemeko bila mhandisi anacheza na roho za watu, hata awe na nia njema kiasi gani.

Kwa upande wa pili, ukitaka kujua udongo unaweza nini, tazama Shibam kule Yemen: maghorofa ya matofali mabichi, mengi yake ya tangu karne ya 16, na bado watu wanaishi humo. Na saruji tunayoiona kuwa ndiyo maendeleo ina deni lake. Utengenezaji wake unakadiriwa kutoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Kosa si la moto wa tanuri peke yake. Mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa huachia gesi hiyo, hata ungeyachoma kwa kuni za peponi.

Sasa nirudi kwenye swali langu.

Kila anayetembelea hapa husema, "Kumbe nyumba hizi ni rahisi!" Udongo umechimbwa hatua chache kutoka ukutani, mawe yamezolewa bondeni, mabua ni masalio ya shamba. Kweli, vifaa havijala fedha nyingi. Lakini hakuna anayehesabu migongo. Ukuta ambao fundi mwashi na kibarua wake wangeusimamisha kwa siku chache kwa matofali ya saruji, huu wa madonge unameza watu na majuma. Tukilipwa ujira wa kibarua, sote tunaokanyaga hapa, sidhani kama familia hii ingefika usawa wa madirisha. Urahisi wa nyumba ya udongo unasimama juu ya mikono isiyolipwa. Zamani mikono hiyo ilikuwa ya majirani, nawe ulijua kesho zamu yako ni kukanyaga kwao. Mimi nitaondoka. Siku nikijenga, mama huyu hatakuja kunikandikia ukuta.

Mwenzetu mmoja hakuzungushazungusha kama mimi. Kwenye kikao cha jioni aliuliza wazi: "Mama, nyumba hii ikiisha ninyi mtakuwa na nyumba. Sisi tutakuwa na nini?"

Kimya kikatanda kidogo. Mama mwenye nyumba akaendelea kupepeta alichokuwa anapepeta. "Mtakuwa mnajua kujenga," akasema. "Na kama utaondoka hujui, basi nimekuibia, uje uniambie kabla hujafunga mzigo."

Jibu lile nimelitafakari sana, na naona lina uzito kwa sababu analitekeleza. Hapa hakuna mtu anayebeba ndoo wiki nzima. Aliyechota maji leo, kesho yuko kwenye mchanganyiko, keshokutwa yuko ukutani na timazi mkononi, akielezwa kwa nini kona hii inanyooka na ile inalala. Inachelewesha kazi, maana mkono unaojifunza ni mzito, na mara nyingine baba mwenye nyumba anabomoa na kupanga upya huku akifundisha. Wangeweza kutuacha kwenye ndoo na wao wakajenga haraka zaidi. Nimesikia kwa wengine waliokwenda kwa wenyeji wa aina hiyo, wakarudi na mabega mapana na kichwa kitupu. Kwa hiyo anayeniuliza namna ya kuchagua mahali namwambia aulize swali moja kabla ya lolote: nitafundishwa nini, na nani atanifundisha? Mwenyeji akianza kukueleza uzuri wa machweo, tafuta pengine.

Lipo na swali jingine, nani ameamua nyumba ijengwe, nalo lina historia. Kuanzia mwaka 1946 msanifu Hassan Fathy wa Misri alijenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor kwa matofali ya udongo, kuba na matao. Kazi ya kupendeza, inasifiwa mpaka leo. Lakini watu waliokusudiwa kuhamia huko hawakutaka kuacha makazi yao ya zamani, na wengi hawakuhamia. Mradi ukasimama nusu njia. Linganisha na shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001. Msanifu wake, Francis Kéré, ambaye baadaye mwaka 2022 alipata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, ni mtoto wa kijiji hichohicho, na wanakijiji ndio waliobeba mawe, wakafyatua matofali, wakapigilia sakafu. Udongo ni uleule, na wasanifu wote wawili walikuwa hodari. Mimi naona tofauti kubwa iko kwa wale waliotiwa matope miguuni: walikuwa wanajenga cha kwao.

Sisi tunaojitolea tuko katikati. Si wenyewe, si vibarua. Na kuishi pamoja ndiko kunakoonyesha hilo zaidi kuliko kazi. Ukutani tunaelewana, kwa kuwa donge likianguka kila mtu ameliona. Jikoni ndiko penye siasa. Nani ameacha sufuria? Nani anaoga maji ya ndoo mbili wakati wengine wanaoga ya moja? Mwanzoni hakukuwa na zamu yoyote, kila kitu kilikuwa "tujisikie nyumbani", na matokeo yake bibi wa watu, mwenye magoti mabovu, ndiye aliyekuwa anaosha vyombo vya vijana sita. Palipo na "kila mtu afanye anavyojisikia" daima yupo mmoja anayejisikia vibaya zaidi kuliko wengine, na huyo ndiye anayefanya.

Ikabidi tuandike. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyogawana maji, misitu na samaki bila kumaliza. Alichokiona ni kwamba wanaofaulu huwa na kanuni walizojitungia wenyewe, huangaliana, na anayevunja huanza kwa adhabu ndogo. Hapa kwetu adhabu ndogo ni kukunja turubai asubuhi, likiwa limeganda kwa tope la jana. Tangu zamu ziandikwe ukutani kwa makaa, bibi amestaafu vyombo. Sasa anakaa karibu na mchanganyiko akitukosoa, jambo ambalo nadhani ndilo alilokuwa analitaka tangu mwanzo.

Je, nimepata jibu? Kwa sehemu. Sijioni kama ninanyonywa, na pia sijioni kama nafanya hisani. Kinachonitatiza ni wale wasioweza kuja hapa. Kujitolea kwa majuma kunataka mtu asiyedaiwa kodi wala kusubiriwa na watoto. Yule ambaye angefaidika zaidi kwa kujua kujijengea, mara nyingi ndiye asiyeweza kuacha kibarua chake ili ajifunze bure. Nililisema hili kikaoni. Baba mwenye nyumba akapendekeza siku za kupaka lipu wawaalike majirani wa bondeni, wale wanaohangaika na nyumba zilizopigwa saruji juu ya udongo. Lipu ya saruji haipumui, unyevu unafungiwa ndani, na ukuta unaoza nyuma yake huku mbele ukionekana mzuri. Waje waone lipu ya udongo na chokaa inavyowekwa, na kwa kila nusu siku watakayotoa, sisi tutatoa nusu siku kwao. Wawili wameshakubali. Maana yake ni kwamba huenda nikaondoka baada ya kukandika ukuta wa mtu nisiyemjua jina, na hilo linanipendeza kuliko nilivyotarajia.

Mvua ikikatika kesho tutapaka vipande vya majaribio kwenye ukuta wa nyuma: kimoja chenye mfinyanzi mwingi, kimoja chenye mchanga mwingi, kimoja chenye samadi ya ng'ombe iliyovundikwa. Baba mwenye nyumba anakitetea cha samadi. Mimi niko upande wa mchanga. Babu hajasema yuko upande gani, ila amesisitiza ukuta uloweshwe vizuri kwanza, na kwa mujibu wa zamu kazi hiyo ni yangu.