Ile laini ya Ijumaa

Jana usiku kijana aliyeshika nafasi yangu kule Shimanzi, Mombasa, kanitumia meseji: "Bro, hii laini ya Ijumaa ndani ya programu ya invoisi ni ya nini? Naona haina kazi, naifuta." Nimeisoma kikombe cha chai kiko mkononi, na ile harufu ya majani ikanirudisha godauni moja kwa moja, mezani kwa Ami, mzee niliyefanya kazi naye.

Programu ya zamani ya kutoza wateja siku za kuweka mzigo ilikuwa ya FoxPro (lugha ya kuandikia programu, ya Microsoft), aliyeiandika hakuna hata aliyekuwa na namba yake, na Microsoft wenyewe walishaacha kuihudumia tangu 2015. Mimi na ujana wangu nikataka wikendi moja tu ya Pasaka, tuzime ya zamani tuwashe mpya, basi. Ami akanitazama. "Jahazi li majini nawe wataka kung'oa mbao zote? Toa ubao mmoja, tia mmoja, kalafati, kisha wenda wa pili." Haya, nikaanza na ripoti, halafu mapokezi ya mzigo, invoisi za stoo zikabaki mwisho, na kwa miezi mitatu programu zote mbili zikawa zapiga hesabu ile ile, kila moja kivyake.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nikamwambia tuko sawa, jumla zakaribiana, tofauti ni senti senti tu. Hakunijibu. Akachapisha ya zamani kwa ile printa ya kelele, karatasi za vitobo pembeni, akailaza kando ya yangu, akatoa rula, akaanza kuteremka mstari kwa mstari. Feni yazunguka, nje makuli wapigiana kelele na magunia, mimi naangalia saa manake nataka kuwahi feri. Rula ikasimama. "Huyu mbona wamtoza siku tano? Ile ya zamani yamtoza nne." Akateremka, ikasimama tena. Kisha mwengine, huyu nimemtoza pungufu. Wa zaidi na wa pungufu wakafutana, ndo mana jumla ikanidanganya.

"Hawa wa zaidi waliingia lini?"

Wote Ijumaa. Wa pungufu, wote Jumamosi.

Nikafungua ile laini, yasema mzigo ukiingia siku ya 6, siku hiyo ya kuingia isihesabiwe, maelezo hakuna hata neno. FoxPro yaanza kuhesabu Jumapili, kwa hivyo 6 ni Ijumaa. Kwangu mimi hesabu ilianza Jumatatu, 6 ikawa Jumamosi, na kusema kweli nilidhani ni mambo ya wikendi, sikuuliza mtu. (Mswahili akianza na mosi, 6 ni Alhamisi, ingekuwa balaa jengine.)

"Ijumaa twafunga geti kwa swala, lori lasimama nje juani. Mwenye mali alisema siku hiyo wasilipe. Mbona hukuuliza, mwanangu?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Tukarekebisha, tukaongeza mwezi, invoisi zikahama mteja mmoja mmoja, na siku tulipoizima ile kompyuta kuukuu hakuna aliyejua.

Sasa huyu kijana. Geti siku hizi halifungwi, watu waswali kwa zamu, na mwenye mali keshauza. Kwa haki laini haina kazi. Ila wapo wateja, nawajua, waleta lori Ijumaa makusudi. Na Ami hayupo tena wa kuulizwa.

Nimeandika "futa", nikaifuta. Nimeandika "subiri", nikaifuta pia. Kumbe ameniona nikiandika, katuma alama ya kuuliza tu.