Jinsi nilivyohamishia Debian kwenye kompyuta nyingine bila kuisakinisha upya

Mazabodi ya kompyuta ya duka iliungua, lakini diski ilibaki nzima, na Debian 12 (mfumo endeshi wa aina ya Linux) pamoja na hesabu zote zimo ndani. Nikaihamishia kwenye kompyuta nyingine. Ikawaka, ila ikadai haina diski ya kuanzia.

Diski haikuwa na kosa. Kwenye UEFI, yaani programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, njia ya kuufikia mfumo huandikwa katika kumbukumbu ya mazabodi yenyewe, kwa hiyo mazabodi ngeni haikujua pa kuanzia. Niliwasha kwa flashi ya Debian, nikapachika sehemu za diski, ile ya EFI (yenye faili za kuanzishia mfumo) ikiwemo, nikaunganisha folda za mfumo /dev, /proc na /sys, nikaingia kwa chroot, amri inayokuwezesha kufanya kazi ndani ya mfumo ulio kwenye diski, kisha nikaiweka upya GRUB, programu inayouanzisha mfumo:

grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable
update-grub

Hilo --removable ndilo lenye kazi: huweka faili EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, ambayo UEFI huitafuta yenyewe ikikosa maelekezo mengine. Diski yoyote inayoweza kuhamishwa siku moja ningeiwekea mapema.

Mfumo ukawaka, ila bila mtandao. Kadi ya mtandao iliyoitwa enp3s0 sasa ilikuwa enp1s0. Nilibadilisha jina ndani ya faili ya mipangilio ya mtandao, /etc/network/interfaces, intaneti ikarudi.