Draivu ya DVD kutoka mpakato bovu: kumbukumbu ya mradi

Lengo: DVD za harusi na CD za kwaya zihamie kwenye hadi diski ya nje, kwa kutumia mpakato lisilo na draivu. Draivu mpya ya nje haikununuliwa. Iliyopo imeng'olewa kwenye mpakato lililokufa. Mafundi wa Mwanjelwa, Mbeya, huwa nazo kwenye maboksi ya mabaki.

Kung'oa ni kazi ndogo: mara nyingi skrubu moja chini, kisha unaivuta kwa pembeni. Kagua nyuma kabla ya kulipa. SATA nyembamba (aina ya kiunganishi cha draivu za mpakato) ina pini 7 za data na pini 6 za umeme, kwa hiyo adapta ya hadi diski, yenye pini 15 upande wa umeme, haiingii; inatakiwa adapta ya SATA nyembamba kwenda USB. Ukikuta kichwa kimoja cha pini 50, hiyo ni IDE, aina ya zamani ya kiunganishi. Iache hapo hapo.

Umeme ndipo kazi inapokwama. Lebo ya draivu hii inasema volti 5, ampea 1.5, lakini USB 2.0 inatoa ampea 0.5 na USB 3.0 ampea 0.9. Matokeo yake taa inawaka, draivu inatambulika, halafu diski ikianza kuzunguka inazima, inawaka tena, inazima. Hapo lenzi ndiyo inasingiziwa, na inasuguliwa kwa spiriti bila sababu. Dawa ni waya wenye vichwa viwili vya USB, vyote vichomekwe kwenye mpakato.

Kunakili, kwenye Linux, kwa programu ya ddrescue (/dev/sr0 ni draivu, harusi.iso ni faili moja lenye nakala ya DVD nzima, harusi.map ni orodha ya yaliyokwisha kusomwa):

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map
ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Amri ya kwanza inachukua panaposomeka kirahisi. Ya pili inarudia penye mikwaruzo. Faili la map lisifutwe: umeme ukikatika, amri ile ile inaendelea ilipoishia.

CD za kwaya zenye nyimbo tupu haziwi ISO. Tumia programu ya cdparanoia, kwa amri cdparanoia -B, kila wimbo utoke faili lake la wav.

Hadi diski ifomatiwe exFAT (mpangilio wa kuhifadhi mafaili), kwa sababu mpangilio wa FAT32 haupokei faili la GB 4 na DVD iliyojaa ina GB 4.7. Kama flashi ni ya kuchomeka kwenye runinga inayosoma FAT32 tu, nakili folda ya VIDEO_TS iliyomo kwenye DVD badala ya ISO. Mafaili yake ya video (VOB) hayazidi GB 1 kila moja.

Asubuhi za Juni na Julai, draivu iliyolala stoo yenye baridi ikiingizwa chumba chenye joto, lenzi hushika ukungu. Iache nusu saa kabla ya kuichomeka.

Zimebaki DVD ambazo rangi ya upande wa chini imefifia kuanzia ukingoni. Hizo zitajaribiwa kwenye draivu nyingine kwa map ile ile, maana sekta (kipande kidogo cha data kwenye diski) inayoishinda draivu moja huenda nyingine ikaisoma.