Mstari uliokataa kutulia

Wiki mbili nzima dishi langu la redio lilikuwa limeelekezwa angani kutafuta mawimbi ya hidrojeni, megahezi 1420, na mstari wa grafu unapanda na kushuka kama maji kujaa na kupwa. Hesabu zilikuwa zimenipa moyo: kelele za mfumo mzima kelvini 150 (nguvu ya mawimbi hupimwa kama joto), upana wa bendi megahezi 2, wastani wa sekunde 10. Nilipaswa kutambua tofauti ya kelvini 0.034. Wapi! Wingu likifunika jua tu, mstari unahama.

Mchawi alikuwa amplifaya, kifaa kinachokuza mawimbi hafifu ya dishi. Ukuzaji wake ukiyumba asilimia 1, hiyo ni kelvini 1.5, na kurefusha wastani hakusaidii kitu.

Nikarudi kwenye mbinu ya mwanafizikia Robert Dicke ya mwaka 1946: swichi kabla ya amplifaya, inayorukaruka kati ya dishi na rezista ya omu 50, ambayo kelele zake ni za kulinganishia. Nikawa natoa namba ya rezista kwenye ya dishi, bado mstari unayumba, kwa sababu rezista ina joto kuliko anga, na tofauti inayobaki bado inayumba na ukuzaji (hapo zilipotea siku tatu). Nilipogawanya badala ya kutoa, ukuzaji ukajifuta na mstari ukalala. Rezista nimeifukia kwenye kopo la mchanga, joto lake lisirukeruke. Sasa natambua kelvini 0.067, mara mbili ya ile ya kwenye karatasi, ila hii naiona kweli.