Mikimbio sita ya Dharmasena

Usiku huu nimeitazama tena video ya fainali ya Kombe la Dunia la kriketi iliyochezwa Lord's, London, tarehe 14 Julai 2019, na safari hii nimeisimamisha pale hasa Martin Guptill wa New Zealand anapouachia mpira. Wapigaji wa Uingereza, Ben Stokes na Adil Rashid, wanaukimbilia mkimbio (yaani pointi) wa pili, lakini bado hawajapishana. Mara mpira unaligonga gongo la Stokes aliyejitupa chini na kutoka nje ya mpaka, naye mwamuzi Kumar Dharmasena anaipa Uingereza mikimbio sita. Kisheria ilipaswa kuwa mitano, kwa kuwa mkimbio wa pili haukuhesabika bila wapigaji kupishana kabla mpira haujaachiwa, na mpira uliofuata ungemkabili Rashid, si Stokes. Mechi iliisha sare, ova ya ziada (mipira sita kwa kila timu) nayo ikawa sare, na Uingereza ikatwaa kombe kwa kuwa ilikuwa imepeleka mipira mingi zaidi mpakani.

Dharmasena, Msri Lanka, naye aliwahi kusimama upande wa wanaohukumiwa. Alikuwa mrushaji katika kikosi cha Sri Lanka kilichoifunga Australia kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya Lahore mwaka 1996, ambayo mmoja wa waamuzi wake alikuwa David Shepherd, Mwingereza ambaye naye alikuwa mchezaji kabla ya kuwa mwamuzi. Mwaka 1998 urushaji wake ulitiliwa shaka, kwamba anaunyoosha mkono anapoachia mpira, jambo lisiloruhusiwa, na hakusafishwa hadi mwaka 2000. Alistaafu mwaka 2006, akaingia katika uamuzi, na mwaka 2012 akapewa tuzo ya mwamuzi bora wa dunia, inayoitwa kwa jina la Shepherd yule yule. Fainali ya mwaka 2015 ilimfanya mtu wa kwanza kuwahi kuicheza na kuiamua fainali ya Kombe la Dunia.

Baada ya Lord's alikiri hadharani kwamba alikosea, ila akasema hajutii, kwa kuwa pale uwanjani hakuwa na marudio ya televisheni. Kauli hiyo imenigusa sana. Mimi nachezesha mechi za vijana wa mtaani, na niliwahi kukataa bao halali kisha nikanyamaza, ingawa kabla ya jioni nilikuwa nimeshajua ukweli.

Tarehe 13 Novemba 2022, Uingereza ilipocheza na Pakistan fainali ya Kombe la Dunia la ova 20, kriketi ya muda mfupi, mjini Melbourne, waliosimama katikati ya uwanja walikuwa tena Dharmasena na Marais Erasmus, wale wale wawili wa Lord's.