Umebahatisha tu, shangazi

"Umebahatisha tu, shangazi."

Maneno matatu, na tangu Jumamosi usiku hayajanitoka. Nimepika nayo, nimeosha vyombo nayo, nimepanda nayo boti ya Mokowe kwenda kazini. Wala mtoto wa kaka hakunitazama alipoyasema. Alikuwa amejiinamia anafuta pedi ya gemu kwa pindo la kikoi, kana kwamba kilichomshinda ni jasho.

Mahari ya Rukia imeshapelekwa, nyumba ilijaa watu siku mbili, stima ikakatika pilau iko jikoni. Mimi bado niko raundi ya tano ya Tekken, ile gemu ya kupigana.

Mnamjua mtoto wa kaka. Miaka 14, mchezaji wake ni King, na akikuwahi kwa mikono basi ushainuliwa juu. Mimi ni Eddy, yuleyule tangu Tekken 3, enzi tulipokuwa tukigombea pedi na babake. Na Eddy ana jina baya: ati ni wa wasiojua, bofyabofya miguu tu na mtu ataanguka. Hapo ndipo kijana aliponishikia.

Haya, nisikilizeni. Gemu hii huenda picha 60 kwa sekunde. Ngumi ya haraka hufika kwa picha 10, yaani sudusi ya sekunde. Jicho halijawahi kukipa kidole habari. Kila mtu anakisia, mabingwa pia. Mwaka 2004, kwenye Street Fighter, gemu nyingine ya kupigana, Daigo Umehara alipopangua mapigo 15 mfululizo ya Justin Wong, uhai umebaki uzi, lile la kwanza ilibidi alikisie. (Video hiyo kanionyesha kijana mwenyewe, huku anapiga makofi!) Sasa mtoto huyu akiishiwa damu hukimbilia kumkumbatia mtu. Mikono yote miwili mbele. Ndivyo alivyo tangu ana miaka tisa. Kumpangua, mkono wa kushoto ukitangulia unabofya kitufe cha mraba, wa kulia ni cha pembetatu, yote miwili ni vyote pamoja. Vidole vyangu vilikuwa vimeshakaa hapo vinamngoja. Hiyo nayo bahati?

Nimeinuka kufunga dirisha, upepo unapeperusha pazia, nimerudi. Nitasema kweli.

Mikono niliipangua, hiyo ni yangu. Lakini lile teke la mwisho sikulikusudia. Nilitaka kurudi nyuma nijikinge. Kidole gumba kilikuwa na samli ya mkate wa mofa, kikateleza, Eddy akabinuka kichwa chini miguu juu, akampata King shavuni. Hata mimi nilishtuka. Nadhani nilisema "Lo!"

Na yeye alinisikia. Kumbe pale alipojiinamia na pedi yake alikuwa anazuia kicheko asije akanivunjia heshima.

Kesho atakuja baada ya Isha. Samli nimeiweka juu kabatini.

Jingine: maji ya kisima tangu juzi yana munyu. Nimeyaonja mara tatu leo. Mama asema ni ulimi wangu, lakini chai yake hakuimaliza.